Gari la Masufuria

Mzee Anselimu hakuwa na viatu vya kutembelea mbali. Hakuwa na koti la mvua, wala kadi ya bima ya afya, wala mtoto wa kiume wa kumpokea mzigo njiani. Kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo wake hakuwa na ule mto laini ambao Mungu humwekea kila mtu. Daktari alimwonyesha kwenye picha, akaona mwenyewe mfupa umekalia mfupa. Hakuwa na subira na watu wa kusema pole. Na katika miaka yake yote sitini na minane hakuwahi kuwa na ulimi wa kutamka neno "siwezi."

Alichokuwa nacho ni nadhiri.

Aliiweka mwaka uliopita katika uwanja wa hospitali, wakati binti yake wa pekee, Viola, alipokuwa chumba cha upasuaji na damu yake inakataa kusimama. Wanajumuiya wa mtaa wake wa Nangara walikuwa wamekuja kusali rozari kando ya ukuta. Anselimu alisimama katikati yao, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo hata mlinzi wa geti aliisikia kwamba Viola akitoka hai pamoja na mtoto, yeye atakwenda hija Kilima cha Msalaba kwa miguu, msalaba begani, kutoka mlangoni kwake hadi altareni, bila kukanyaga gari. Viola alitoka hai. Mtoto naye alitoka hai, msichana aliyebatizwa Ritha, na sasa alikuwa anatambaa huku na huko akishika miguu ya viti. Mungu alikuwa amemaliza sehemu yake.

Hija hiyo hufanyika kila Septemba. Mahujaji wa mjini Babati hushika njia ya Dareda, wakapanda ukingo wa Bonde la Ufa, wakafika kilimani siku ya nne. Kila jumuiya ina msalaba wake. Ule wa Nangara aliutengeneza Anselimu mwenyewe, kwa kuwa ni fundi seremala, naye aliutengeneza kwa mninga, mzito kuliko misalaba yote ya parokia, kwa sababu siku hizo mgongo ulikuwa mzima na mbebaji alikuwa yeye.

Nyuma ya mahujaji huja Kenta, lori dogo la mizigo. Hubeba masufuria ya kupikia, magunia ya unga, magodoro, na watu walioshindwa njiani. Jina la gari hilo nalo lilitoka kwa Anselimu. Mwaka mmoja, kwenye mpando, Kenta ilipowapita, yeye akiwa ametota jasho na amejaa furaha, alipaza sauti akasema, "Yanapita masufuria, mengine ya bati, mengine ya nyama." Watu walicheka mpaka wimbo ukakatika. Tangu hapo Kenta ikaitwa gari la masufuria, na kila aliyeipanda aliitwa sufuria. Wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa Clemence, muuza samaki, ambaye mguu wake ulivunjwa na bodaboda ukaungwa vibaya. Siku hiyo alikuwa amekaa kati ya vifuniko, mguu ameunyoosha mbele. Alicheka pamoja nao. Mwaka uliofuata hakwenda hija, wala uliofuata huo.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Cornel, mtu wa makamo mwenye duka la pembejeo. Ndiye aliyepanga mazoezi. Kila Ijumaa, siku ya mfungo, mahujaji walitembea hadi kijiji cha Bonga na kurudi bila kutia kitu kinywani mpaka jioni, kwa maana Cornel alisema mwili lazima ujifunze kutembea na njaa. Asiyeweza kumaliza zoezi la mwisho, sheria ilikuwa moja: aandike barua kwa paroko kuomba nafasi garini, barua ipitie kwa mwenyekiti, na mwenyekiti aisome mbele ya jumuiya ili watu wamwombee mwenzao. Ilikuwa sheria ya huruma. Lakini watu wengi waliona ni heri kufa kuliko kuombewa namna hiyo.

Ijumaa ya kwanza Anselimu alirudi akiwa wa pili kutoka mwisho. Ijumaa ya pili alirudi wa tatu kutoka mbele, na Cornel akamsifu. Siri ya maendeleo hayo ilikuwa vidonge vya maumivu alivyonunua duka la dawa karibu na stendi. Binti wa dukani alimwambia ameze baada ya kula. Siku za kula alifanya hivyo. Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo, alimeza vikavu alfajiri, kisha mchana akaongeza vingine. Alikuwa amelitafakari jambo hilo kwa makini kama mtu anayepima mbao: kidonge si chakula, kwa hiyo hakivunji mfungo, uji wa kukisindikiza ndio ungeuvunja. Hivyo akaushika mfungo na akaushika mwendo, akajiona mtu mwenye akili.

*

Mkewe, Bernadina, huwashia moto maranda ya mbao yanayobaki chini ya meza ya kazi. Asubuhi moja alizoa maranda akakuta ndani yake karatasi za vidonge, tupu, zimekunjwa kunjwa. Alizipanga kwenye mkeka wa mbaazi, akamsubiri mumewe atoke chumbani. Alimsikia akijiviringisha kitandani, akashika ubao wa kichwani, ndipo akashusha miguu.

"Baba Viola," alisema, "hizi nimezikuta kwenye maranda. Hilo kabati unalolitengeneza nalo linaumwa mgongo?"

Anselimu alimwambia awashe moto.

Bernadina hakuuwasha. Alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mtu asiyesikia vizuri, kwamba nadhiri inaweza kubadilishwa. Padre ana mamlaka hayo. Mama mmoja wa Mutuka aliahidi kufunga mwaka mzima, akapata kisukari, padre akambadilishia akawa anafagia kanisa. Anselimu alisema yeye si mama wa Mutuka.

"Nilisema mbele ya watu," akaongeza.

"Ulisema mbele ya Mungu. Watu walikuwepo tu."

Neno hilo lilimwingia. Ritha alikuwa ametambaa mpaka kwenye mkeka na ameshika mojawapo ya zile karatasi zinazong'aa. Bernadina akamnyang'anya. Anselimu alimtazama mtoto, kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelitamka tangu mwaka uliopita, na alilisema kwa sauti ya chini ili Viola asisikie jikoni.

"Kitu ulichopewa kwa ahadi, ukivunja ahadi, mwenyewe si anakuja kukichukua?"

Bernadina alitaka kumwambia kwamba Mungu si mkopeshaji wa mjini. Hakuweza. Usiku wa kuamkia siku hiyo Ritha alikuwa na homa, na yeye mwenyewe, gizani, akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, alikuwa amewaza neno lile lile. Alizikusanya karatasi, akazitupa jikoni, akawasha moto.

Homa ile ilikuwa malaria. Mtoto alipewa dawa akapona. Lakini Anselimu aliihesabu kama hodi ya kwanza.

*

Juma la zoezi la mwisho, choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Alijiambia ni mboga. Kichwa kilikuwa chepesi na masikio yalivuma, akajiambia ni mfungo. Ijumaa alfajiri alimeza vidonge vyake, akajifunga kiunoni kitenge cha mkewe ili kukaza mgongo, akavaa shati juu yake, akauchukua msalaba.

Kwenda Bonga alikwenda vizuri. Aliimba hata. Cornel, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi, alimwambia kwamba mzee anawaaibisha vijana, na Anselimu akajibu kwamba vijana wa siku hizi wana viatu tu.

Wakati wa kurudi, tumbo lilianza kuchoma. Aliwaacha wenzake watangulie, akasema anafunga kamba ya kiatu. Alishuka pembeni ya barabara, akauegemeza msalaba kwenye mti, akatapika. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya kahawia iliyoiva, chenye chenga chenga, kama machicha ya kahawa. Alikifukia kwa udongo kwa kutumia mguu, haraka haraka.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye kivuli cha ukuta wa matofali, Clemence alikuwa ameketi na beseni lake la perege, akingoja wateja wa Bonga. Alikuwa ameona yote.

"Fundi," alisema, "hiyo si nyongo."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Anselimu alifuta mdomo, akauinua msalaba, akaendelea. Clemence alifunika samaki wake kwa gunia, akajitwika beseni, akaanza kumfuata kwa mwendo wake wa kuchechemea, wala hakusema neno. Jambo hilo lilimkera Anselimu kuliko maumivu. Aliongeza mwendo ili amwache. Nyumba za kwanza za mji zilipoanza kuonekana, barabara ikainama upande mmoja kama meza iliyovunjika mguu. Ulianguka msalaba, naye akaufuata.

Clemence ndiye aliyemfikia kwanza, na ndiye aliyesimamisha bajaji. Dereva alilalamika kwamba mzee atachafua viti. Clemence akamwambia atandike gunia la samaki. Hivyo ndivyo mtu aliyeapa kutokanyaga gari alivyopelekwa hospitali, amelazwa juu ya gunia linalonuka perege, miguu imetokeza nje, na watu wa sokoni wakitazama.

*

Daktari alikuwa msichana, umri wake mdogo kuliko wa Viola. Alimwita babu. Alimwuliza dawa gani anatumia, Anselimu akamtajia moja tu. Bernadina, aliyekuwa amesimama mguuni pa kitanda, akataja idadi ya karatasi alizozikuta. Daktari akauliza alikuwa anakula nini kabla ya kumeza.

"Nilikuwa nimefunga."

Msichana yule aliacha kuandika.

"Babu, dawa hii imekula ukuta wa tumbo lako kwa sababu haikukuta kitu kingine cha kula."

Aliongezewa damu, na watu wa jumuiya wakaenda kwa zamu kutoa damu ya kurudishia. Kwa kuwa hakukuwa na bima, Bernadina aliuza mbaazi zilizokuwa zinangoja bei ipande. Hakumwambia mumewe, na mumewe hakuuliza, lakini aliporudi nyumbani aliona kona ya stoo ni tupu, akageuza macho. Hilo halikumwuma kama chombo cha chooni alichowekewa na muuguzi wa kiume ambaye utotoni alikuwa akija kwake kuokota vipande vya mbao. Yule muuguzi alimwambia, kwa heshima zote, "Usione haya, mzee." Anselimu alifumba macho mpaka mambo yakaisha.

Vidonge vile alikatazwa maisha. Alipewa dawa za tumbo, akaambiwa mgongo aukande kwa maji ya moto, atembee mwendo mfupi, na asibebe kitu kizito kuliko ndoo ndogo ya maji.

Kabla ya hija kulikuwa kumebaki juma moja.

*

Cornel alikuja jioni. Alipiga hodi, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikiwa, "Milele amina," akaketi, akakataa chai, kisha akaipokea. Alizungumza mvua, akazungumza bei ya mbolea. Mwisho alisema kwamba ameongea na paroko, na paroko ametuma salamu. Nadhiri itabadilishwa bila tatizo lolote. Ila baba paroko anataka mzee aandike mwenyewe, kwa hiari yake, kama ilivyo taratibu.

"Na wewe utaisoma," alisema Anselimu.

"Ni taratibu, mzee. Hata mimi ningesomwa."

Anselimu aligeuza uso ukutani. Cornel alimaliza chai yake, akaaga.

Alipotoka tu, mzee alijinyanyua kwa kushika meza, akamwita Viola amletee viatu. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba amepata njia. Ataondoka siku mbili kabla ya wengine. Atatumia fimbo. Msalaba ataufunga kwenye kigari cha mbao atakachokitengeneza, ataukokota. Kukokota si kupanda gari. Alieleza mpaka ukubwa wa magurudumu.

Viola alikuwa anamlisha mtoto uji. Aliweka kijiko chini.

"Baba, mimi sikutolewa pale mezani ili nije nikuzike barabarani."

"Nadhiri ni yangu."

"Na damu ilikuwa ya nani?"

Viola hakuwa mtoto wa kumpandishia baba yake sauti, na hata sasa hakuipandisha. Alisema kwamba msalaba ataubeba yeye. Yeye ndiye aliyeombewa, miguu anayo, na mumewe Hilary amekubali kwa simu kutoka Dodoma alikokwenda kazini. Mahujaji walikuwa wameurudisha msalaba ule, naye alikuwa ameshauinua mara mbili uani, wao wakiwa hospitali, akazunguka nao nyumba.

Bernadina aliuliza kuhusu mtoto. Ritha alikuwa bado ananyonya. Hangeweza kuachwa siku nne, wala Viola hangeweza kumfunga mgongoni na begani ana mninga. Ingebidi mtoto aende, awe kwenye gari, anyonyeshwe kila wanapopumzika. Na ingebidi awepo mtu wa kumpakata humo garini.

"Mimi nina ng'ombe wa kukamua," alisema Bernadina.

Aliyebaki alikuwa mmoja. Katika chumba kile hakuna aliyemtaja mtu huyo. Ritha alipiga bakuli kwa kijiko, akataka uji wake.

*

Kesho yake asubuhi Clemence alifika na perege wawili kwenye mfuko. Alisema ni wa mgonjwa, si wa kuuza. Bernadina alimpa kigoda uani, mbele ya karakana, ambapo Anselimu alikuwa ameketi na kitambaa cha maji ya moto kiunoni na karatasi mapajani. Wazee hao wawili walitazama mlima Kwaraa kama watu wanaongoja utoe neno.

"Asante kwa bajaji," alisema Anselimu hatimaye.

"Gunia langu halikurudi."

"Nitakununulia."

"Ninunulie."

Anselimu aliigeuza kalamu vidoleni.

"Mwaka ule, kwenye mpando, ulicheka."

"Nilicheka," alisema Clemence. "Ulitaka nilie mbele ya sufuria la wali?"

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja uzito wa samaki. Anselimu alitikisa kichwa mara kadhaa, na uso wake, ambao ulikuwa umekonda, ulikunjamana. Neno la kuomba radhi lilimjia, lakini halikuwa na mazoea ya kupita mdomoni mwake. Badala yake aliuliza, akitazama chini, humo garini kunakuwaje.

Clemence alifikiri.

"Kaa nyuma ya dereva. Lile sufuria kubwa la wali limebaki na mkono mmoja, kwenye kona linakuja kifuani. Liwekee mguu. Mimi nilikuwa naliwekea huu mbovu, mzima niliuhifadhi. Chukua na khanga ya kujifunika, vumbi lote la nyuma ni lenu. Watu wakiimba, nanyi imbeni, msinune. Ukinuna ndipo wanapokuona."

"Nitakuwa na mtoto."

"Basi lisogeze mbali kabisa."

Anselimu alikuwa tayari ameandika barua moja tangu alfajiri, kwa mwandiko wake mzuri aliojifunza kwenye elimu ya watu wazima, taa ya chemli ikiwa katikati ya darasa. Ilisema kwamba kutokana na sababu za kiafya zilizo nje ya uwezo wake, mwombaji anaomba kufikiriwa kuhusu mabadiliko ya utaratibu wa usafiri. Aliisoma tena, sasa Clemence akiwa ameketi mbele yake. Aliona jinsi Cornel atakavyoisoma na jinsi watu watakavyotazamana. Akaikunja, akaitupa kwenye maranda. Akachukua karatasi nyingine, akaandika bila kuinua kichwa:

"Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Anselimu niliyeweka nadhiri ya kwenda hija kwa miguu, siwezi. Msalaba ataubeba Viola, ambaye kwa ajili yake niliweka nadhiri. Naomba nafasi mbili katika gari la masufuria, moja yangu na moja ya mjukuu wangu Ritha, ambaye nitampakata. Jina hilo la gari nililitunga mimi. Kama Clemence atakuwa na nia ya kwenda mwaka huu, naomba nafasi ya tatu, apewe yeye kwanza kabla yangu."

Alitia sahihi. Alimpa Clemence aisome. Clemence alisoma polepole, midomo ikicheza, akarudi juu, akasoma tena.

"Nafasi ya tatu hukuniuliza," alisema.

"Nakuuliza."

"Nitaona na mguu."

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake ilikuwa imekufa. Anselimu alilamba ukingo mara mbili, ukaachia. Ritha alikuwa ameketishwa karibu, kwenye kipande cha mkeka, bakuli la uji liko mbele yake. Babu yake alinyoosha mkono, mgongo ukamkemea, akachovya kidole kwenye uji wa mjukuu, akakipitisha kwenye ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja juu ya meza ya kazi mpaka ukashika. Akaandika juu: Kwa Paroko, kupitia kwa Mwenyekiti wa Jumuiya.

Njia ya Clemence ilipita dukani kwa Cornel. Aliivua kofia yake, akaiweka barua ndani, akaivaa, akaaga. Alitoka kwenye geti akashika njia ya mjini kwa mwendo wake ule, mguu mmoja ukikanyaga, mwingine ukiburutwa.

Anselimu alibaki ameketi akiitazama ile kofia ikienda. Ilikwenda polepole sana. Ilifika kwenye nyumba ya jirani, ikafika kwenye mashine ya kusaga, ikasimama ili kusalimiana na mtu, ikaendelea. Moyo ulimwambia kwamba bado kuna nafasi, aite, aseme ameghairi. Alishika ukingo wa meza, akajinyanyua nusu. Kisha akaketi tena, kwa kuwa hata kwa mwendo ule hangeweza kuifikia.